Malcolm X na kamusi ya gerezani: kazi ilifanyikaje hasa?

Habari ya Malcolm X kunakili kamusi gerezani husimuliwa sana na walimu wa Kiingereza, na zaidi na wanaouza semina za kujiendeleza. Husimuliwa kwa sentensi mbili tu: aliingia jela hana maneno, akainakili kamusi kuanzia A, akatoka msemaji ambaye wasomi walijihadhari kubishana naye. Kijana anayeisikia hivyo hununua daftari kubwa, akaanza na herufi A kwa bidii zote, na kabla hajafika B daftari limeshageuka la hesabu za duka.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Tatizo ni kwamba kinachosimuliwa ni theluthi yake ya kwanza, na theluthi hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote. Nataka tukifumue chote, tuone kila sehemu ilifanya kazi gani na ipi inamfaa mtu aliyelelewa kwa Kiswahili.

Kwanza hali aliyoanzia. Malcolm Little, kama alivyoitwa wakati huo, alihukumiwa Massachusetts mwezi Februari 1946 kwa wizi wa kuvunja nyumba, kifungo cha miaka 8 hadi 10. Alikuwa na umri wa miaka 20. Alianzia gereza la Charlestown, akahamishiwa Norfolk mwaka 1948, akatoka Agosti 1952. Shule aliiacha baada ya darasa la nane. Ukiishia hapo utadhani alikuwa mbumbumbu, kumbe sivyo. Katika shule ya Mason, jimbo la Michigan, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mbele kwa maksi na aliwahi kuchaguliwa rais wa darasa. Na Kiingereza ni lugha aliyoinyonya kwa mamaye. Akiwa mtaani Boston na Harlem alijua kuongea hadi watu wakamsikiliza. Alichokosa ni Kiingereza cha vitabuni na cha barua rasmi. Tulishike jambo hili, maana tutalihitaji mbele.

Msukumo ulitoka pande mbili. Charlestown alikutana na mfungwa mmoja, ambaye katika tawasifu yake anamwita Bimbi, mzee wa jela aliyekuwa akianza kuzungumza hata askari wanasogea kumsikiliza. Hakuwa na nguvu za mwili za kumtisha mtu, maneno yake yalitosha. Bimbi alimshauri achukue kozi za posta, naye akachukua ya Kiingereza, kisha ya Kilatini. Upande wa pili ulikuwa barua. Alitaka kumwandikia Elijah Muhammad, kiongozi wa Nation of Islam, na barua ile ya kwanza ya ukurasa mmoja anasema aliiandika upya si chini ya mara 25. Mtu aliyezoea kuwachezea wenzake kwa maneno ya mtaani alijikuta hawezi kupanga sentensi kumi za heshima. Hata kusoma kulimshinda: kila sentensi ilikuwa na maneno asiyoyajua, akiyaruka anamaliza kitabu hajapata kitu.

Ndipo akaomba kamusi, karatasi na penseli kutoka shule ya gereza. Nia yake haikuwa msamiati peke yake. Alitaka na mwandiko unyooke.

Siku mbili za mwanzo alipekua tu kurasa, hajui ashike lipi. Kisha akaanza kunakili ukurasa wa kwanza, na hapa ndipo pa kutazama kwa karibu. Alinakili kila kitu kilichochapwa pale, hadi alama za vituo. Kazi ilimchukua siku nzima. Alipomaliza akajisomea kwa sauti yote aliyoandika, akarudia tena na tena. Asubuhi yake aliamka akiyawaza yale maneno, akajaribu kukumbuka maana zake bila kutazama. Mengi yalikuja. Yale yaliyogoma akayarudia. Neno alilolitaja baadaye kuwa limemkaa kichwani tangu ukurasa ule wa kwanza ni aardvark, yaani muhanga wetu, yule mnyama wa Afrika mwenye masikio marefu anayechimba mashimo na kula mchwa. Kamusi ilikuwa na picha yake. Ukurasa wa pili ukafuata, na wa tatu, akaona kasi inaongezeka.

Wengi wakisimulia husisitiza kunakili. Mimi naona kunakili ndiko kulikokuwa na faida ndogo kuliko yote, kwa sababu mkono unaweza kunakili huku akili imelala. Muulize mwanafunzi yeyote aliyekopi nouti za ubaoni mwaka mzima. Kazi ilifanywa asubuhi, pale alipofunga daftari akajiuliza: lile neno lilikuwa na maana gani? Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio ya kumbukumbu na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, na kwamba kurudia kwa kuacha nafasi kunapunguza usahaulifu huo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na waliosoma kisha wakajitahini. Baada ya dakika chache waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojitahini ndio waliokumbuka zaidi. Malcolm hakusoma utafiti wowote wa namna hiyo, lakini utaratibu wake ulikuwa nao ndani: usiku ukapita katikati, asubuhi mtihani, na marudio yakaelekezwa kwa yaliyopotea tu. Anayenakili bila kujitahini amechukua jasho la Malcolm akaacha faida yake.

Kuhusu kiasi, mwenyewe anakadiria kwamba kati ya kamusi na barua aliandika gerezani maneno milioni moja. Ni namba inayosikika kama majigambo, basi tuipime. Tuseme alianza kwa nguvu alipofika Norfolk mwaka 1948 na kuendelea hadi alipotoka. Ni kama siku 1,400. Milioni moja ukiigawa humo unapata maneno 700 na ushei kwa siku, karibu kurasa tatu za daftari kwa mwandiko wa kawaida. Mtu asiye na pa kwenda anaziweza. Mwenye kazi ya mchana na foleni ya daladala jioni atazipata kwa taabu sana, na asijilaumu.

Sasa udhaifu wa njia hii, maana upo. Alfabeti haijui neno lipi lina kazi. Inamweka muhanga mwanzoni kwa sababu tu ya herufi zake, na maneno ambayo yamo katika kila gazeti na kila kitabu cha kiada yanasubiri hadi M, R au T. Wataalamu wa ufundishaji lugha wamekuwa wakipanga maneno kwa wingi wa matumizi tangu zamani. Orodha ya Michael West ya mwaka 1953 ina maneno ya msingi kama 2,000. Averil Coxhead wa New Zealand alitoa yake mwaka 2000, ya maneno ya kitaaluma: familia 570 za maneno, ambazo katika maandishi ya kitaaluma aliyoyachambua zilifanya takriban asilimia 10 ya maneno yote. Familia ya neno si dhana ngeni kwa Mswahili: soma, somo, msomi, usomi na somesha tunavihesabu ukoo mmoja.

Paul Nation, naye wa New Zealand, alikokotoa mwaka 2006 kwamba ili msomaji ajue asilimia 98 ya maneno katika riwaya au gazeti la Kiingereza anahitaji familia 8,000 hadi 9,000. Asilimia 98 ni neno moja geni katika kila maneno 50. Ikishuka hadi 95 inakuwa neno geni katika kila 20, karibu kila mstari wa pili, na hapo kusoma kunageuka kazi ya kufukua. Ndiyo hali aliyoieleza Malcolm alipokuwa akimaliza vitabu mikono mitupu.

Kwa nini basi alfabeti haikumwangusha? Kwa sababu zile elfu za mwanzo alikuwa nazo tangu utotoni. Alikuwa akijaza mapengo ya juu, na pengo la juu ukilijaza kwa mpangilio wowote halileti hasara kubwa. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia, biolojia na masomo mengine mengi kwa Kiingereza, mapengo yake yako chini kabisa. Kumwambia aanze na A ni kumpa muhanga wakati anahitaji kujua tofauti ya describe na explain kwenye karatasi ya mtihani. Ushauri huo nimeusikia ukitolewa kwa nia njema kabisa, na nauona ni ushauri mbaya.

Tuje kwenye vipande viwili vinavyoachwa.

Norfolk lilikuwa gereza la majaribio ya urekebishaji, na maktaba yake ilizidi maktaba nyingi za uraiani. Tajiri mmoja aitwaye Parkhurst alikuwa ameiachia vitabu vyake kwa wosia, maelfu kwa maelfu, vingi vya historia na dini, na vingine bado vilikuwa kwenye makasha. Malcolm akavivamia. Saa nne usiku taa zilizimwa, lakini nje ya mlango wake kulikuwa na taa ya korido iliyopenyeza mwanga kiasi. Akawa anakaa sakafuni kwenye mwanga ule na kitabu. Kila baada ya saa moja askari wa zamu alipita. Akisikia nyayo anaruka kitandani na kujifanya amelala, askari akipita anashuka tena kwa dakika 58 nyingine. Hivyo hadi saa tisa au saa kumi alfajiri. Miwani aliyovaa tangu wakati huo yeye mwenyewe aliihusisha na taa hiyo.

Ukitazama alichosoma utaona kitu ambacho msimulizi wa semina hakisemi. Hakuendelea kuokota okota. Alisoma Will Durant na H.G. Wells kwa historia ya dunia, W.E.B. Du Bois na Carter G. Woodson kwa historia ya watu weusi, kisha akarundika vitabu juu ya utumwa na ukoloni. Somo kubwa lilikuwa moja, likitazamwa na waandishi wengi. Kwa msamiati hilo lina faida ya moja kwa moja: waandishi wa mada moja wanatumia maneno yale yale. Neno geni la ukurasa wa 10 linarudi ukurasa wa 40, linarudi tena katika kitabu cha mwandishi mwingine anayepingana na wa kwanza, na kila linaporudi linaongeza kidogo: linaandamana na maneno gani, lina sifa au lina kejeli, linafaa kwenye hotuba au kwenye mkataba. Watafiti hawajakubaliana neno linahitaji kukutwa mara ngapi ili likae, ila makadirio mengi yako mara kumi na kwenda juu. Kamusi inakukutanisha nalo mara moja. Kwa hiyo ukurasa aliounakili mchana ulikuwa utambulisho tu, na ujuzi ulipatikana sakafuni usiku.

Tuchukue neno moja tulione. Contract katika daftari la mwanafunzi wetu huandikwa: mkataba. Sawa. Lakini kitabu cha biolojia kinasema msuli una-contract, na hapo maana yake ni kujikunja na kufupika. Gazeti linasema mgonjwa ame-contract malaria, yaani kaambukizwa. Fizikia nayo inasema chuma kikipoa kina-contract, kinasinyaa. Mwenye maana moja daftarini atakwama mara tatu. Aliyekutana nalo kwenye biolojia, kwenye gazeti na kwenye fizikia atakuwa ameshalijua hata kabla ya kuandika chochote.

Kile Kilatini cha posta nacho kisidharauliwe. Sehemu kubwa ya maneno magumu ya Kiingereza ina shina la Kilatini au Kigiriki, na Bimbi ndiye aliyemwonjesha Malcolm utamu wa kufuatilia neno hadi asili yake. Mwenye kujua kwamba dict ni kusema, anaona predict, contradict na verdict zikijipanga zenyewe. Wanafunzi wanaosoma lugha zetu wana kipaji hiki mikononi, maana tangu utotoni tunafumua vitenzi kwa viambishi bila kufundishwa, ila mwalimu hawaonyeshi kwamba kazi ni ile ile.

Kipande cha tatu ni mdahalo. Norfolk ilikuwa na programu ya midahalo, na timu za vyuo vikuu zilikwenda gerezani kushindana na wafungwa. Malcolm alijitosa. Walibishana kuhusu mafunzo ya lazima ya kijeshi, walibishana hata kuhusu nani hasa aliandika tamthilia za Shakespeare. Mada yoyote aliyopewa alitafuta mlango wa kuingizia historia aliyokuwa akiisoma. Hii ndiyo sehemu iliyogeuza maneno anayoyaelewa kuwa maneno anayoyatumia, na mtu yeyote aliyejifunza lugha ya pili anajua umbali uliopo kati ya makundi hayo mawili. Unasoma neno kwenye gazeti, unalielewa bila shida, lakini ukisimama mbele ya watu haliji. Litakuja siku ambayo umelazimishwa kulitafuta kwa haraka, mbele ya mpinzani anayesubiri ukwame. Mdahalo unalazimisha. Chumba cha kulala na daftari havilazimishi.

Matokeo yanaonekana katika rekodi. Tarehe 3 Desemba 1964 alizungumza katika mdahalo wa Oxford Union, Uingereza, ulioonyeshwa na BBC, akitetea hoja kuhusu siasa kali katika kupigania uhuru. Msikilize: sentensi ni fupi, maneno mengi ni ya kila siku, na pale anapohitaji neno zito analitoa bila kulitafuta. Humo humo akamleta Hamlet wa Shakespeare kutetea hoja yake. Wanaodhani msamiati wa juu ni kumwaga maneno marefu waisikilize hotuba ile mara mbili.

Kuna njia nyingine ya zamani inayofaa kuwekwa kando ya hii, hasa kwa asiye na mtu wa kubishana naye. Benjamin Franklin akiwa kijana, mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji cha kaka yake Boston, alipata juzuu la gazeti la The Spectator la London. Alichagua makala, akaandika dondoo fupi za kila sentensi, akaziweka kando siku kadhaa, kisha akajaribu kuiandika makala upya kutoka kwenye dondoo zile kwa maneno yake. Alipolinganisha na ya asili aliona pale alipopungukiwa na maneno. Wakati mwingine alizigeuza hadithi kuwa mashairi, kwa sababu vina na mizani vinamlazimisha mtu atafute neno jingine lenye maana ile ile. Anayetunga mashairi ya Kiswahili ataelewa mara moja Franklin alikuwa anasema nini. Njia hii ina usahihishaji ndani yake: makala ya asili ndiyo mwalimu.

Kwa mwanafunzi wa leo nayapanga hivi. Kama bado unababaika na Kiingereza cha kitabu cha kidato cha pili, achana na kamusi kubwa. Tafuta kamusi ya wanafunzi wa kigeni, jamii ya ile iliyoanzishwa na A.S. Hornby aliyekuwa akifundisha Japani na kuchapishwa na Oxford mwaka 1948. Kamusi hizi hueleza neno kwa maneno rahisi na kutoa mifano ya sentensi. Ile ya Longman ya mwaka 1978 ilijibana kutumia maneno kama 2,000 tu katika maelezo yake. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI iwe pembeni kwa kuhakikisha tu. Soma vitabu vyepesi kwa wingi hadi uache kukwama kila mstari.

Kama umeshavuka hapo, chagua somo moja na ukae nalo miezi: historia ya biashara ya Bahari ya Hindi, mpira, kilimo cha kahawa, sheria ya ardhi, lolote ambalo utalisoma hata usipolazimishwa. Maneno ya kuandika daftarini yawe machache, yale yaliyokutana nawe zaidi ya mara moja, na kila moja liwe na sentensi nzima uliyolikuta nayo. Kesho yake funga daftari ujitahini. Kwenye makala uliyoipenda, mara moja kwa wiki, fanya zoezi la Franklin.

Na mdahalo usiuache mwisho kama kitoweo cha ziada, maana ndio unaokosekana zaidi katika shule zetu na kwenye vikundi vya mtaani. Hauhitaji ukumbi wala wageni wa vyuo vikuu. Watu wanne na mada moja wanatosha. Walimu wanaopenda kusimulia habari ya kamusi, nawaomba: mwezi huu ahirisheni simulizi hiyo, wapeni wanafunzi wenu Ijumaa moja ya kubishana kwa Kiingereza, na msiwakatize wanapokosea.